Kidole tumbo kilichopasuka: mtoto apasuliwe lini?

Wazazi huniuliza, "Daktari, tangu alfajiri yupo hapa, mbona hamjampeleka kupasuliwa?" Madaktari wenzangu wa wilayani hunipigia simu na swali lililogeuzwa: "Tumwanzishie antibayotiki, tumwache apoe, tumlete baada ya wiki?" Maswali yote mawili yanamhusu mtoto yuleyule, ambaye kidole tumbo chake kimevimba hadi kikapasuka au kimekusanya usaha. Kila swali lina hoja ndani yake, na kila moja likijibiwa vibaya mtoto anaweza kufa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue ninapomwelekeza. Mtoto ambaye kidole tumbo kimepasuka na uchafu umesambaa tumboni hahitaji kisu dakika hii, na hawezi kungoja hadi kesho kutwa. Anahitaji saa chache za dripu na dawa zinazotolewa kwa umakini, kisha apasuliwe siku hiyohiyo. Anayeweza kusubiri wiki kadhaa ni mtoto wa aina moja tu: aliyefika baada ya siku nyingi, mwili wake ukiwa umeshauzingira uchafu ukafanya uvimbe au jipu lenye mipaka. Tena saa zinazotuulia watoto si zile anazolala wodini akiwa na dripu. Ni siku mbili tatu zilizopotea kabla hajatufikia, na mengi ya makosa yanayozipoteza yanazuilika.

Kidole tumbo ni kijitumbo chembamba kilichozibwa upande mmoja, kinachoota mwanzoni mwa utumbo mpana, chini kulia. Mlango wake ukizibwa na kijiwe cha kinyesi kikavu, au na tezi za kinga zilizovimba, ute unaendelea kutengenezwa ndani bila pa kutokea. Shinikizo linapanda. Vena, ambazo kuta zake ni laini, hubanwa kwanza: damu inaingia lakini haitoki, ukuta unazidi kuvimba. Baadaye ateri nazo hushindwa kupitisha damu, kipande cha ukuta kinakufa na kutoboka. Mtoto kwanza huonyesha kitovu, kwa sababu neva za kidole tumbo hupeleka taarifa kwenye sehemu ileile ya uti wa mgongo inayopokea taarifa za ngozi ya kitovuni. Ni pale ugonjwa unapogusa utando wa ndani wa ukuta wa tumbo ndipo maumivu yanapohamia chini kulia na mtoto anaanza kutembea ameinama. Kutoboka ni nadra katika saa 12 za mwanzo. Kuanzia saa 36 hivi hatari hupanda kwa kasi.

Kwa mtoto mdogo mambo huenda haraka zaidi. Ukuta wa kidole tumbo chake ni mwembamba, na lile pazia la mafuta ambalo kwa mtu mzima huteremka kuziba panapovuja, kwake bado ni fupi na jepesi. Juu ya hayo hana maneno ya kueleza maumivu. Atalia, atatapika, atakataa kula. Ndiyo maana katika watoto wa chini ya miaka mitano wanaougua ugonjwa huu, zaidi ya nusu hukutwa kimeshapasuka. Takwimu hiyo huonekana hata katika nchi zenye hospitali kila kona, kwa hiyo si suala la umaskini peke yake.

Kuna jambo moja ambalo natamani kila mama na kila mhudumu wa zahanati alijue. Kidole tumbo kinapopasuka, shinikizo lililokuwa linamtesa mtoto hushuka ghafla, na kwa saa chache maumivu hupungua. Mtoto aliyekuwa akijikunja analala. Nyumbani wanashukuru Mungu, bibi anasema chango limetulia, na safari ya hospitali inaahirishwa. Kumbe ndani usaha na kinyesi vinatembea. Baadaye homa inapanda, tumbo linajaa na kuwa gumu, midomo inakauka. Mtoto aliyeumwa tumbo vibaya kisha akatulia bila sababu, huku homa ipo na hataki kuchezacheza, hajapona.

Tunazipoteza siku namna hii. Usaha ukituama kwenye nyonga, hukera utumbo wa mwisho na mtoto anaharisha kidogokidogo, choo chenye ute. Anaandikiwa dawa ya kuhara. Kidole tumbo kilichovimba kikiwa jirani na kibofu au mrija wa mkojo, chembe nyeupe huonekana kwenye mkojo. Anaandikiwa "yutiai", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kurudishwa nyumbani na vidonge. Kipimo cha haraka cha malaria kikisoma chanya, mjadala unafungwa, ilhali katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kubeba vimelea bila kuumwa navyo, na malaria haimkingi mtu na kidole tumbo. Kipimo cha Widal ndicho kinachonichosha zaidi. Kinasoma chanya kwa watu wengi ambao hawana taifodi, lakini bado watoto wetu wanatibiwa kwa karatasi yake. Uchungu wa jambo hili ni kwamba taifodi yenyewe nayo hutoboa utumbo mwembamba, na huku kwetu bado inaleta watoto kwenye meza ya upasuaji wakiwa na tumbo lilelile gumu. Kwa hiyo hata pale jibu la taifodi linapokuwa la kweli, tumbo gumu linamhitaji daktari wa upasuaji, na si kidonge kingine.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote bado ni mkono wa mtu yuleyule, ukigusa tumbo lilelile, mara ya pili baada ya saa nne au sita. Altrasaundi husaidia sana ikiwa mikononi mwa mzoefu. Ikisema "kidole tumbo hakikuonekana", haijasema kwamba hakina ugonjwa.

Saa za dripu

Sasa mtoto amefika. Ametapika siku mbili, hajala wala kunywa, homa imemkausha. Zaidi ya hapo, utando wa tumbo uliowaka moto unavuja maji kuingia tumboni na kwenye matumbo yaliyopooza. Maji hayo yapo mwilini lakini hayapo kwenye mishipa ya damu. Mwili wa mtoto ni hodari wa kuficha upungufu huo: mapigo yanakwenda mbio, mishipa ya mikono na miguu inajibana, na shinikizo la damu linabaki la kawaida hadi dakika za mwisho. Ukimpa dawa ya usingizi katika hali hiyo, ile mishipa iliyojibana inalegea, na shinikizo linaporomoka kabla hata hujachanja ngozi. Tumbo lililojaa nalo linaweza kumwaga matapishi kwenye mapafu. Nimewasikia watu wakisema mtoto fulani "alikufa kwa kidole tumbo mezani." Mara nyingi aliyekufa mezani alipelekwa mezani mkavu.

Ndiyo sababu saa tatu hadi sita za kwanza naziita sehemu ya upasuaji. Njia ya mshipa ipatikane, maji ya Ringer yaingie kwa kipimo cha mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, kisha mtoto achunguzwe upya kabla ya kuongeza. Hapo nasisitiza kuchunguza upya, kwa sababu Afrika Mashariki ndiyo iliyoufundisha ulimwengu somo hilo: utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, na waliomiminiwa maji kwa mkupuo walikufa zaidi ya wale walioenda taratibu. Wengi wao walikuwa na malaria, si tumbo la upasuaji, na mtoto anayevuja maji tumboni lazima alipwe deni lake. Ila deni hulipwa kwa kuhesabu.

Antibayotiki ziingie katika saa ya kwanza, zikilenga wadudu wa kinyesi, pamoja na wale wanaoishi bila hewa: seftriaksoni na metronidazo, au ampisilini, jentamaisini na metronidazo, kutegemea kilichopo stoo. Mrija wa puani uondoe yaliyomo tumboni. Mrija wa mkojo utupe jibu ambalo hakuna mashine inayolitoa vizuri zaidi: mtoto wa kilo 20 akitoa mililita 20 za mkojo kila saa, figo zake zinapata damu. Potasiamu ipimwe na kurekebishwa, homa ishushwe, dawa ya maumivu itolewe. Mapigo yakishuka, mikono ikipata joto na mkojo ukija, ni wakati wa kumwita daktari wa usingizi. Kama baada ya saa sita za kazi ya kweli mtoto hajaitikia, basi usaha ndio unaomzuia kuitikia, na kuendelea kungoja hakuna maana. Anaingia.

Mzazi ana haki ya kuuliza kama saa hizo hazizidishi ugonjwa. Jibu lipo. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa watoto 2,429 katika hospitali 23 za watoto nchini Marekani, waliopasuliwa ndani ya saa 24 tangu kufika. Waliongoja zaidi ndani ya muda huo hawakukutwa na vidole tumbo vilivyopasuka zaidi ya waliowahishwa. Lakini naomba wenzangu wasiuchukue utafiti huo kama ruhusa ya kwenda kulala. Katika hospitali zile mtoto anayesubiri anasubiri akiwa na dawa mwilini na muuguzi pembeni, na asubuhi ikifika chumba kipo. Kwetu "kesho asubuhi" hukutana na akina mama wawili wa kupasuliwa kwa dharura, umeme unakatika, mashine ya kusafishia vifaa inagoma, na asubuhi inageuka jioni. Kungoja ni tiba pale tu dripu inapotiririka na mtu anapoandika mapigo kila saa. Mtoto aliyelazwa kitandani bila hayo anacheleweshwa tu, hata kama faili linasema anaandaliwa.

Uvimbe na jipu

Huyu wa pili, ambaye mwili wake umeshauzingira uchafu, ni mtoto mwingine kabisa, na mabishano juu yake yana zaidi ya miaka mia. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Chicago, Albert Ochsner alifundisha kwamba mgonjwa aliyechelewa, ambaye ugonjwa umeshatoka nje ya kidole tumbo, asipewe chochote mdomoni, tumbo lisafishwe kwa mrija, mwili uachwe uzingire uchafu kwanza. Mji huohuo John B. Murphy alikuwa akihimiza kisu mapema. Mwaka 1902 Uingereza nzima ilijiandaa kumtawaza Edward VII tarehe 26 Juni. Siku mbili kabla, Frederick Treves alimpasua palepale ikulu, akatoa usaha wa jipu na kukiacha kidole tumbo mahali pake. Mfalme alitawazwa Agosti 9 na akaishi hadi 1910. Hapakuwa na antibayotiki hata moja duniani wakati huo. Treves alijua jambo ambalo vijana wetu wenye visu vikali hulisahau: usaha ndio adui wa siku hiyo, na kidole tumbo si lazima.

Sababu yake ni ya kimwili. Baada ya siku tano sita, utumbo mwembamba, utumbo mpana na pazia la mafuta vinakuwa vimegandana kukizunguka kidole tumbo. Kuvitenganisha ni kama kubandua karatasi zilizolowana. Vidole vinapita mahali usipotarajia. Unaweza kuanza ukitafuta kitu cha urefu wa kidole na kumaliza umekata kipande cha utumbo mpana, au umeacha tundu linalotoa kinyesi kwenye kidonda kwa wiki kadhaa. Mtoto huyu akiwa anakula kidogo, homa imeanza kushuka, na uvimbe una mipaka, mpe antibayotiki za mshipa, na jipu kubwa litolewe usaha kwa sindano au mrija chini ya altrasaundi. Uvimbe uchorwe kwa kalamu kwenye ngozi, upimwe kila siku. Ndani ya saa 48 hadi 72 lazima awe bora. Asipokuwa bora, mpango umeshindwa na anahitaji kufunguliwa, hata kama ni kutoa usaha tu na kuondoka.

Watu wanaopenda kuwangojesha watoto wote hunitajia kwamba hata huko ng'ambo wanangoja. Wausome utafiti wa Memphis uliochapishwa 2011. Watoto 131 walioaminika kuwa na kidole tumbo kilichopasuka waligawanywa kwa kura: kundi moja lipasuliwe ndani ya saa 24, jingine litibiwe kwa dawa na kupasuliwa baada ya wiki sita hadi nane. Waliopasuliwa mapema walirudi kwenye maisha yao ya kawaida baada ya siku 13.8 kwa wastani, wenzao 19.4. Matatizo yalitokea kwa asilimia 30 ya kundi la mapema na asilimia 55 ya waliongojeshwa, na theluthi moja ya waliopangiwa kungoja ilibidi wapasuliwe kabla ya siku yao. Kwa upande mwingine, utafiti mdogo wa Kansas City wa 2010, wa watoto 40 waliofika wakiwa na jipu lililokwisha kujenga mipaka, haukuona tofauti ya siku za kulazwa wala ya majipu kurudi. Nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja nazielewa hivi: aliyepasuka na hajazingirwa, mpasue mapema, aliyezingirwa, una hiari, na hiari hiyo itumie kulingana na ulichonacho. Palipo na mzoefu wa upasuaji wa matundu madogo, mapema inawezekana. Palipo na daktari mmoja anayefanya kila kitu kuanzia mifupa hadi uzazi, kungoja ndiko busara.

Na uvimbe ukiisha kwa dawa, je, arudi kukatwa kidole tumbo baada ya miezi miwili? Zamani tulijibu ndiyo bila kufikiri. Utafiti wa Uingereza na nchi nyingine uliochapishwa 2017, wa watoto 106, ulionyesha kwamba katika waliofuatiliwa bila kupasuliwa, takriban asilimia 12 tu walirudiwa ndani ya mwaka mmoja. Ninaheshimu takwimu hiyo, lakini ninawapasua watoto wengi zaidi ya wanavyofanya wao, na sioni aibu. Mtoto anayeishi Kariakoo akirudiwa, mama yake atakuwa mlangoni kwetu ndani ya saa moja. Mtoto wa kijiji ambacho mvua ikinyesha barabara inakatika, kurudiwa ni suala la uhai. Huyo, na yule ambaye altrasaundi imeonyesha kijiwe ndani, nawashauri wazazi akatwe akiwa mzima. Anayekaa karibu na hana kijiwe, namwachia kidole tumbo chake.

Yapo mengine ya kusahihisha kwa haraka. Mbegu za mapera na mchanga wa kwenye mchele si sababu ya kumlaumu mama. Wengi wa watoto ninaowapasua nakuta kinyesi kikavu au tezi zilizovimba, na wengine sikuti kitu. Dawa ya maumivu haifichi ugonjwa: tafiti kwa watoto zimeonyesha kwamba mofini humtuliza mtoto na utambuzi haupotei, na mtoto aliyetulia hukuruhusu umguse tumbo. Kinachodhuru ni dawa ya kuharisha, enema na kukandwa tumbo. Antibayotiki peke yake zinaweza kutuliza kidole tumbo ambacho hakijapasuka, lakini hata hapo utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2025, wenye watoto 936, ulikuta tiba hiyo ikishindwa kwa asilimia 34 ndani ya mwaka. Kuipeleka hoja hiyo kwa mtoto aliyepasukiwa ni kuchanganya magonjwa mawili. Na kwa wenzangu wanaojivunia ndoo za maji ya kusafishia tumbo: utafiti wa 2012 wa watoto 220 haukuona faida ya kusuuza kuliko kunyonya usaha tu.

Dawa ya tatizo letu haihitaji mashine mpya. Zahanati ikubali kanuni moja: mtoto anayeumwa tumbo kwa zaidi ya saa sita mfululizo, anayetapika, na anayekataa kuruka, haondoki na vidonge vya malaria au yutiai bila tumbo lake kuguswa na kupangiwa kuguswa tena. Hospitali ya wilaya iwe na potasiamu, mirija ya puani ya saizi za watoto na daktari wa usingizi anayewazoea watoto. Nyingi zina chumba cha upasuaji kizuri na hazina mrija wa puani wa mtoto wa miaka minne. Usafiri nao: Tanzania imeshaonyesha kupitia m-mama, mfumo wake wa usafiri wa dharura, kwamba simu moja inaweza kumtoa mjamzito au mtoto mchanga kijijini, hata kwa gari la dereva jamii pale ambulensi isipokuwepo. Naiomba Wizara ya Afya iufungue mlango huo kwa mtoto mwenye tumbo la dharura. Gharama ya petroli ni ndogo kuliko wiki tatu za wodi na upasuaji wa pili.

Kwa daktari wa wilayani anayejiandaa kumpa mtoto rufaa usiku huu, ombi langu ni fupi. Usimpakie kwenye gari mkavu. Weka dripu, toa dozi ya kwanza ya antibayotiki, weka mrija wa puani, mpe dawa ya maumivu, kisha piga simu. Kwenye karatasi ya rufaa andika maumivu yalianza siku na saa gani, maji yameingia kiasi gani, dawa zimetolewa saa ngapi, na mkojo umetoka kiasi gani. Mtoto akifika na karatasi hiyo, anaweza kuingia chumba cha upasuaji bila kungoja. Akifika bila hayo, saa sita za maandalizi zinaanza kuhesabiwa upya mlangoni kwetu.